Kiti cha Bwana Poon

Siku ya mlo wa familia wa katikati ya baridi, Mama alikunjua meza saa kumi na moja jioni, akasukuma kitanda ukutani, akapanga mabakuli matano: lake, la Baba, la mwanawe Hok-man, na mawili ya marehemu.

Mjomba Siu-kei, kaka yake Mama, alikuwa na miaka kumi na mitatu tangu afe. Alipanda kwa lifti kama kawaida, akavua viatu mlangoni, akalalamika kwamba ghorofa ya kumi na nne ina upepo. Nyuma yake aliingia Bwana Poon, konda wa tramu enzi za uhai wake. Enzi za uhai wao, wanaume wawili wakipendana walifungwa jela. Tangu sheria ile ifutwe, miaka minne iliyopita, walikuja pamoja, wameshikana mikono.

"Karibu, shemeji," Mama akamwambia Bwana Poon, akimpokea koti. "Umekonda."

Shemeji. Neno hilo lilimchoma Hok-man kila mwaka. Yeye alikuwa na Wai-bong, fundi miwani, mzima wa afya, ambaye wakati huo alikuwa chini ya jengo na mfuko wa machungwa. Mama alimwita "yule mwenzako wa kazini," ingawa hawakuwahi kufanya kazi pamoja.

"Mama, Wai-bong yuko chini. Apande?"

"Meza imejaa."

"Mbona Bwana Poon ana kiti?"

"Shemeji majirani hawamwoni. Huyo wako, Mama Lau wa mlango wa pili atamwona."

"Sheria ilishabadilika, Mama."

"Sheria haiishi kwenye korido hii."

Baba akaongeza sauti ya televisheni.

Mjomba alimkazia Hok-man macho. "Acha kudeka. Wewe unakwenda naye sinema. Mimi na huyu tulishikana mikono njiani baada ya kufa."

"Lakini wako analishwa na Mama. Tubadilishane basi."

"Kana mdomo haka!"

Wakatazamana kama wake wenza.

Bwana Poon ndiye aliyeinuka. "Nimekaa vya kutosha. Mlete kijana." Akaenda kusimama dirishani.

Hok-man akashuka kumchukua Wai-bong. Wai-bong akaketi kwenye kiti kile. Mama alimpakulia wali, akavichomeka vijiti vyake viwili vya kulia katikati, vimesimama wima, jambo ambalo mtoto akilifanya mezani hupigwa kofi, kwa kuwa hivyo hupakuliwa wafu tu.

"Kula, shemeji," akasema kwa upole. "Umekonda."

Wai-bong, aliyekuwa mnene, alishukuru akala. Hok-man akamshika mkono chini ya meza. Ulikuwa unapoa.

"Vipi chakula?"

"Hakina chumvi," Wai-bong akanong'ona. "Lakini nimekaa."

Mjomba, peke yake upande wa pili, hakuacha kuitazama mikono ile chini ya meza.

Hok-man na Wai-bong walipotoka, Mama Lau alikuwa anafagia mbele ya geti lake la chuma.

"Hok-man! Mwaka mwingine huo, bado uko peke yako?"

"Peke yake," Mama akajibu haraka kutoka mlangoni.

Wai-bong, mkono wake ungali ndani ya mkono wa Hok-man, akainua mguu kuupisha ufagio.