Dumu Nyuma ya Kompyuta

Sitaki kulisikia tena neno mtandao nyumbani kwangu. Linanitia kichefuchefu.

Mama Dorika wa Kichiwa aliniletea mayai ya kuku wake wa kienyeji. Wiki hiyohiyo kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikapita, kikafagia kuku wote, mbegu aliyoachiwa na marehemu mama yake. Yakabaki mayai yale tu, kwenye mashine yangu ya kutotolesha, hapa Njombe.

Mashine inaongozwa na kompyuta ndogo, kibao tu kinachoenea kiganjani. Inapima joto, inawasha taa za kuyapasha mayai, na kwa waifai inanitumia taarifa kwenye simu nikiwa sokoni na viazi vyangu. Mume wangu Danford, mzee wa kanisa huyo, alijitolea kuilinda. Chumba akakifunga, ufunguo akaweka mfukoni, eti watoto watachezea. Nikaona heri.

Basi taarifa zikawa zinakatika kila jioni, asubuhi zinarudi. Nikamwita Elius, fundi wa Makambako. Akabadilisha chaja, wapi. Akabadilisha kadi ya kumbukumbu, wapi. Akasogeza ruta karibu, mchana ikafanya kazi vizuri, jioni kimya. Danford kasimama pale, mikono nyuma, anamweleza fundi kwamba ni mtandao tu, baridi hii inausumbua. Mtu mzima na mvi zake! Akayaombea na mayai, nami nikaitikia amina.

Juzi taarifa zikakatika, na asubuhi hazikurudi. Danford akasema nisihangaike, mtandao utakaa sawa. Nikamwamini, nikaenda sokoni.

Mvua ikanirudisha mapema, nikaukuta mlango wa chumba cha mashine umeegeshwa. Loo, harufu! Nyuma ya kompyuta, limefunikwa blanketi, dumu la ulanzi, pombe ya mianzi. Baridi ya huku inachelewesha mtogwa, ulanzi mbichi mtamu, kuchacha, kwa hiyo bwana alikuwa akiulaza kwenye joto la mashine, alfajiri anaamka na mkangafu wake, ulanzi mkali wa kulevya. Elius aliniambia baadaye kwamba dumu zima la maji likiegemea antena, waifai haipiti. Safari hii povu lilikuwa limefurika. Kompyuta ilinata, imegandwa na nzi, imekufa. Taa zilikuwa zimezimika tangu usiku.

Nikapasua yai moja. Kifaranga alikuwa na manyoya tayari, baridi kama jiwe. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kinavaa tai kila Jumapili.

Leo Mama Dorika amefika na kapu la kubebea vifaranga, alilolitandika nyasi laini. Nikamwingiza kwenye chumba cha mashine, nikamwachia mlinzi wake aseme. Danford akakohoa.

"Ni mtandao, mama," akasema. "Umetusumbua sana."

Mama Dorika akanusa, akautazama ukuta uliolowa povu, kisha akamtazama yeye.

"Mwanangu, mimi nimewasomesha watoto kwa kuuza ulanzi. Harufu yake naijua."

Akazimwaga zile nyasi miguuni pa Danford, akajitwika kapu lake tupu.