Mshale wa Ukurasa wa Tisa

Mwaka 1998 Romana alikuwa mwandishi wa miongozo katika mradi mmoja wa maji mjini Mpanda. Maandishi aliyaandika mara moja tu; faili hiyohiyo ikatoa kijitabu cha kuchapwa na kurasa za kusomwa kwenye kompyuta. Makarius, fundi aliyechora pampu, alimwonya mapema.

"Michoro yangu iache kwenye faili ya mistari, ndiyo ya kuchapia. Ya kompyuta itolee nakala ya GIF. JPEG ni ya picha za kamera, dada. Mistari huitia ukungu."

Romana aliitikia. Lakini siku ya kupeleka kazi kwa mchapaji ilimkaba, na michoro yote, ikigeuzwa JPEG na kubanwa, ilienea kwenye disketi moja. Kwenye skrini zilionekana safi. Akapeleka.

Miezi miwili baadaye yeye na Makarius walikwenda kijiji cha Kabungu, ambako pampu iligoma kutoa maji tangu ifanyiwe matengenezo. Walikuta mkutano umeshaanza, na Kabula, mama wa Kisukuma aliyechaguliwa kutunza pampu, amesimamishwa mbele ya watu.

"Wiki tatu tunakunywa mtoni pamoja na ng'ombe," mwenyekiti alisema. "Ulifundishwa, ukapewa na kitabu. Ulishindwa nini?"

"Nisameheni, wazazi wangu. Nilifuata kitabu. Labda kusoma kwangu ni kudogo."

Makarius alifungua pampu. Ngozi ya pistoni ilikuwa imevishwa juu chini. Akaomba kitabu, akafunua ukurasa wa tisa, akampa Romana. Mshale wa kuonyesha upande wa juu wa ngozi ulikuwa doa la kijivu. Usingejua ukingo wa ngozi unatazama wapi.

Uso ulimwiva. Alijiambia ataeleza baadaye, ofisini, kwa barua. Hapo Kabula akaanza kufungua spana zilizofungwa kwenye pindo la khanga yake, azirudishe.

"Mama, usizitoe," Romana alisema. "Kusoma kwako hakuna kosa. Picha hii niliiharibu mimi. Nilionywa, nikafanya haraka."

Kabula akamtazama kwa mshangao.

"Kumbe na nyie mnakosea?"

Hakuwa akimkejeli, aliuliza kweli. Romana angeona nafuu kama angetukanwa.

Jioni maji yalitoka. Wiki iliyofuata alizunguka kijiji kwa kijiji na kalamu nyeusi, akichora upya mshale katika kila kijitabu. Kila mahali aliulizwa kulikoni, na kila mahali ilimbidi aseme.