Kidonge cha Udongo

Kwenye kuandaa sampuli, Bi Safi hakuwa na mchezo. Jina hilo walimpa wenzake wa maabara, na hawakumpa kwa mapenzi, maana aliweza kumrudisha mtu mlangoni kwa ajili ya ukucha mmoja mchafu.

Udongo wa uani kwa mdogo wake aliutunza kama mboni ya jicho. Kwanza alisafisha kinu kwa kusaga mchanga mweupe. Kisha akaukausha udongo kwenye tanuri, akausaga ukawa unga, akauchanganya na nta na kuugandamiza kwa mashine mpaka ukawa kidonge kigumu. Akakiweka kwenye mashine ya eksirei kutafuta risasi, ile metali yenye sumu inayotoka kwenye betri. Jirani na nyumba ile watu walivunja betri kuukuu, na mtoto wa mdogo wake, aliyekuwa hakamatiki kwa mbio, sasa alishinda amelala akilia tumbo.

Risasi haikuonekana. Bi Safi alipiga simu pale pale, furaha imemjaa. Shemeji naye hakuchelewa: nyumba nyingine waliyotaka kuhamia akaikataa, ikachukuliwa na watu wengine.

Jioni Bi Safi alikwenda kuwaona, akampa mtoto kile kidonge akishangae.

"Mimi nilijua tu," mdogo wake alisema. "Kwa nilivyouosha ule udongo!"

"Uliuosha?"

"Dada, na unavyotuandama kwa usafi! Nikuletee uchafu kazini kwako, wenzio wanicheke? Nilisuuza mpaka maji yakatoka meupe, ndiyo nikaanika."

Risasi hukaa kwenye vumbi laini, lile lile linaloondoka na maji. Kwa uangalifu wake wote Bi Safi alikuwa amepima mchanga mtupu. Alikuwa amemwambia mdogo wake alete udongo. Hakukumbuka kumwambia alete mchafu.

"Na maji yake ulimwaga wapi?"

"Hapo mlangoni, kutuliza vumbi. Hata leo nimenyunyiza mengine."

Bi Safi aligeuka kutazama mlangoni. Nyumba ilishakwenda. Ndani, shemeji alikuwa anapiga mluzi. Pale mlangoni penye unyevu mtoto alikuwa amejikokota, amechuchumaa anafinyanga, na tope limemganda midomoni.

"Mama mkubwa, tazama," akasema, amenyoosha kiganja. "Na mimi nimekutengenezea chako."