Grupu la Mama Aline Limejaa

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, saa tisa na dakika kumi na mbili mchana, Dafrosa alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake Litapunga, anachambua maharage. Ungo ulikuwa mapajani, simu ameiegemeza kwenye ndoo iliyogeuzwa, na kila akitoa jiwe moja anapangusa kioo kwa kidole cha mwisho, kwa sababu hicho ndicho kilikuwa hakina vumbi. Kwenye simu, grupu lake la Sauti ya Mama lilikuwa linawaka moto. Wanachama mia mbili na kumi na nne walikuwa wanabishana iwapo dagaa wa Kapalamsenga wanaoshwa kwa maji ya moto au ya baridi.

Ubishi ulianza asubuhi kwa heshima. Kufikia saa nane, Annonciata, anayekaa karibu na mashine ya kusaga, alikuwa ameshaandika kwamba anayeosha dagaa kwa maji ya moto hakufundwa. Séverine, ambaye ni admin msaidizi, akamjibu kwamba kuna watu wamefundwa na bado waume zao wanakula kwa jirani. Hapo zikaingia stika. Mbuzi anacheka, mtoto analia, mbuzi tena. Halafu mama mmoja wa Kibaoni, ambaye hata hakujua wanabishana nini, akatuma sala ndefu na kuagiza kila mtu aitume kwa watu kumi.

Dafrosa alifuta vidole kwenye kitenge, akaandika kwa herufi kubwa: NAFUNGA GRUPU MPAKA KESHO SAA KUMI NA MBILI ASUBUHI. ADMIN. Kisha akabonyeza pale panapofanya wanachama wasome tu, wasiandike.

Dakika hiyohiyo Annonciata alikuwa anapita njiani na ndoo kichwani, anamwambia mwenzake, "Mimi nilishasema na nitasema, dagaa ni maji ya..." Mdomo ukajifunga. Ndoo haikuanguka, wala maji hayakumwagika. Alijaribu kuufungua mara mbili, akaona haufunguki, akaendelea na safari yake.

Ilikuwa hivyo kwa wanachama wote wasio admin. Zahanatini, nesi aliendelea kupima watoto na kuonyesha kilo kwa vidole. Kwenye mazoezi ya kwaya, sauti ya kwanza na ya pili zilikatika katikati ya Aleluya, wakabaki wanaume wa besi wakinguruma peke yao kama trekta lililokwama. Jioni ilipofika ikajulikana kuwa midomo inafunguka kwa ugali, haifunguki kwa maneno. Hakuna aliyeshtuka. Wanaume waliulizana, "Vipi, wamenuna?" Wakajibiana, "Hapana, grupu limefungwa," kama mtu anavyosema barabara ya Mpanda imefungwa kwa mvua.

Jumapili saa kumi na mbili kamili Dafrosa alifungua. Kutoka kila nyumba yakatoka kwa pamoja mabaki ya maneno ya jana. Annonciata alikuwa amechuchumaa anapuliza moto, akasema "...baridi!" kwa nguvu mpaka majivu yote yakamrukia usoni.

"Mama Aline," Venant, mume wa Dafrosa, alimwambia wakati wa chai, "hilo si jambo la kuchezea."

"Nani anacheza? Hii ni nidhamu," Dafrosa akasema, na hakuinua macho kutoka kwenye simu.

Tangu siku hiyo akawa anafunga. Alifunga Jumanne, kwa sababu watu walituma maua ya asubuhi njema saa saba mchana. Alifunga Ijumaa, kwa sababu mtu aliuza godoro kwenye grupu bila kuomba ruhusa. Akaandika sheria tisa, halafu kumi na nne. Mwanachama mpya lazima ajitambulishe: jina, kitongoji, watoto wangapi. Lazima adhaminiwe na wanachama wawili. Asiyeandika kitu kwa siku thelathini anaitwa bubu, na mabubu wanatolewa.

Siku za mwanzo waume walifurahi. Kuna mmoja aliyesema amelala mchana kwa mara ya kwanza tangu aoe. Lakini Dafrosa alipofunga siku nne mfululizo, wawili kati yao, Gervais na Telesfori, walikuja uani wamevua kofia.

"Shemeji, tunaomba ufungue hata nusu saa," Gervais akasema. "Sijui chumvi iko wapi."

"Si umuulize mke wako?"

"Nimemuuliza. Ananionyesha kwa kidole. Sasa shemeji, kidole chenyewe kinaonyesha nyumba nzima."

Dafrosa alifungua kwa nusu saa. Chumvi ikapatikana.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wanawake hawakujitoa. Kila kitu kilikuwa mle. Chanjo lini, mbolea imefika wapi, nani amefiwa, tembo wamevukia shamba la nani. Aliyejitoa alibaki na sauti yake lakini hakuwa na la kusema. Kwa hiyo hawakutoka, walizidi kuingia. Waliingia wa Kibaoni, wakaingia wa Mpanda mjini, mpaka wa Kapalamsenga ambao ndio wenye dagaa wenyewe, na wao wakasema hawawaoshi kabisa. Siku hiyo ilibidi grupu lifungwe siku mbili.

Sasa, Dafrosa alikuwa na mtoto mmoja, Aline, miaka saba, darasa la pili, mwenye maneno mengi kama redio. Aline hakuwa mwanachama. Grupu likifungwa, mtaa mzima unanyamaza, anabaki yeye anasikika vizuri zaidi.

"Mama, jino langu linacheza."

"Subiri mwanangu, namalizia."

"Mama, limetoka. Ona."

"Subiri."

Jino lilikuwa limetoka kweli, la mbele juu, upande wa kulia. Aline alilitia kwenye kiberiti kitupu akaanza kungoja. Huko kwao jino la utoto linatupwa juu ya bati, na mwenye jino anasema mwenyewe, kwa sauti: Kunguru, chukua jino lako bovu, niletee langu jipya. Asiposema, jipya haliji. Na mama anasimama pembeni ashuhudie. Bila mama ni kama ubatizo bila msimamizi.

Wiki nzima Aline alitembea na kiberiti chake, anakitingisha sikioni mwa mama yake. Dafrosa alikuwa anaandika sheria ya kumi na tano, inayohusu stika za mbuzi, na kila akifika katikati ya sentensi anasikia kwata kwata kwata, "Mama, jino." Akapata wazo. Ndani kulikuwa na simu ya zamani ya Venant, kioo kimepasuka lakini laini inashika. Akaichaji, akamwingiza Aline kwenye grupu. Yeye na Séverine wakamdhamini. Aline alijitambulisha kama sheria inavyotaka: Naitwa Aline, kitongoji ni hapahapa, watoto bado. Akapokelewa kwa maua mia na themanini.

Kisha Dafrosa akafunga grupu, nyumba ikatulia, sheria ya kumi na tano ikakamilika. Akina mama wenzangu, kila mmoja wetu anajua utulivu wa namna ile ni mtamu kiasi gani. Ndiyo maana unatisha.

Mwezi ukapita. Aline aliongea grupu likiwa wazi, alinyamaza likiwa limefungwa, na likiwa wazi ndipo mama yake alikuwa na kazi zaidi. Kwenye simu yenyewe mtoto hakuandika tena chochote, maana alichotaka kusema hakikuwa cha grupu.

Siku ya thelathini na moja Dafrosa alifanya usafi. Alifunga grupu kwanza, kama mtu anavyofunga mlango kabla ya kufagia, halafu akatafuta mabubu. Walikuwa sitini na mmoja. Hakusoma majina, alitia alama tu mmoja mmoja huku anakoroga uji, akabonyeza watoke. Jioni yake akafungua grupu kwa wanachama. Waliotolewa hawakuwa wanachama tena, kwa hiyo midomo yao ilibaki ilivyokuwa.

Siku zilizofuata Dafrosa aliona nyumbani kuna amani ya ajabu. Mtoto anakula, anaosha vyombo, anakwenda shule, hana maneno. Kwenye jumuiya alisimama akamshukuru Mungu, akasema Aline wake ametulia, amekua. Wenzake wakapiga makofi. Bibi mmoja tu hakupiga. Huyo ni Épiphanie, mama yake Venant, ambaye wajukuu wanamwita nyogokuru, na ambaye hakuwa mwanachama kwa sababu simu yake ni ya kitochi.

"Mtoto hajatulia," Épiphanie alisema. "Mtoto amezimwa."

"Mama mkwe, nyie wazee hamjui haya mambo."

Siku ya kumi na moja tangu watolewe, mabubu walikuja kuomba kurudishwa. Walipanga foleni kutoka mlangoni mpaka kwenye mgomba, kila mmoja na karatasi yake, kwa kuwa hawakuweza kusema. Dafrosa alikaa kwenye kigoda, anapokea karatasi, anasoma, anabonyeza, mama anaondoka akizungumza tangu hatua ya kwanza. Wa mwisho alikuwa mfupi. Dafrosa aliona miguu midogo yenye soksi za shule, lakini hakuinua kichwa.

"Jina, kitongoji, watoto wangapi?"

Karatasi ikaletwa mbele ya macho yake. Ilikuwa imechanwa kwenye daftari la hesabu, imeandikwa kwa penseli: Mama mimi Aline wako. Jino.

Dafrosa aliinua kichwa. Akamwangalia mtoto kwa muda mrefu, kama mtu aliyekuta kitu chake kwenye nyumba ya jirani. "Mwanangu," akasema. "Kumbe ulikuwa mle." Akabonyeza kumrudisha. Simu ikakataa. Akabonyeza tena. Simu ikaandika kwamba grupu limejaa. Watu elfu moja na ishirini na nne, haichukui zaidi. Wakati yeye anapokea karatasi, Séverine kwake alikuwa anapokea wa Kibaoni.

"Toa mmoja," Venant akasema. Alikuwa ameegemea mlango, ameona yote.

"Nitoe nani? Nikimtoa Annonciata, kesho hatuongei. Nikimtoa nesi, utampeleka wapi mtoto akiumwa?"

"Basi jitoe wewe. Nafasi ya mama apate mtoto."

Dafrosa alimwangalia kama mtu aliyeambiwa auze bati la nyumba wakati wa masika. "Nikijitoa mimi, nani atakuwa anafungua?"

"Na nani atakuwa anafunga?" Venant akasema, akachukua jembe lake, akaenda shamba.

Dafrosa hakuwa mama mbaya. Alilia, alimkumbatia mtoto, alimpikia chapati siku ya kazi. Kisha akafungua daftari la wanaosubiri nafasi, ambalo kufikia jioni lilikuwa na majina arobaini na sita, na kumwandika Aline pale palipofuata kwa haki, namba arobaini na saba. "Nikikupitisha mbele watasema nina upendeleo," alimweleza. "Sheria ni sheria, mwanangu. Ile ya tatu, ya foleni, mimi mwenyewe niliiandika."

Épiphanie ndiye aliyemchukua mjukuu wake nyuma ya nyumba. Aline alirusha jino juu ya bati kwa mkono wake, na kwa vile hakuwa na sauti, nyogokuru akasema yale maneno kwa niaba yake, kwa sauti yake ya miaka themanini na moja iliyokwaruzwa na tumbaku. Kunguru alikuwa kwenye mpapai. Alisikiliza mpaka mwisho, akashuka, akalichukua.

Baada ya wiki tatu jino jipya likatoka. Lilikuwa refu, la rangi ya chai, limelika pembeni, na lilikuwa na kovu dogo jeusi. Aline alipokula muhindi likaonekana vizuri. Épiphanie alimshika kidevu, akalitazama kwenye mwanga.

"Hili ni langu," akasema. "Nililing'oa kule Mishamo, mwaka wa mvua nyingi. Kunguru amesikia sauti ya mzee, ameleta jino la mzee. Hana kosa, amelitunza."

Na lilikuwa jino zuri. Aline aliweza kuvunja karanga mbichi nalo, na akikaa karibu na mtu anayevuta tumbaku, mate yalimtoka.

Habari ilipomfikia Dafrosa, alishtukia jambo moja tu, kwamba hajalipiga picha. Alimsimamisha mtoto mlangoni, akamwambia acheke, akapiga, akaituma: Akina mama naomba ushauri, hii ni kawaida kwa mtoto wa miaka saba? Majibu mia tatu na kumi na mawili yakaingia kabla maharage hayajachemka. Nesi alisema asukutue kwa maji ya chumvi. Annonciata akasema maji yawe ya baridi. Séverine akasema mtu yeyote aliyefundwa anajua kusukutua ni maji ya moto. Ikaingia stika ya mbuzi.

"Nyie watu hamkomi," Dafrosa akasema, akafuta vidole kwenye kitenge, akafunga grupu. Mtaa wote ukatulia. Kule kwenye mashine ya kusaga, ndoo ya Annonciata ilipita kimyakimya.

Kwenye utulivu ule Dafrosa alifungua daftari. Mama mmoja wa Kibaoni alikuwa amedondosha simu chooni, akajiondoa kwa heshima, na aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni amepata nafasi. Akakata mstari, akarekebisha namba moja baada ya nyingine mpaka chini.

"Unaona, mwanangu?" akasema kwa furaha. "Umesogea. Sasa ni arobaini na sita."

Aline alikuwa amesimama mbele yake na kiberiti mkononi. Alikifungua taratibu, akakisogeza juu ya ungo ili mama aone. Ndani kulikuwa na jino la pili, la mbele juu, upande wa kushoto, jeupe, bado lina damu kidogo.

"Subiri," Dafrosa akasema, "namalizia."