Uzito wa Florian

Siku ya vitendo chai ilichelewa, kwa hiyo kila mtu semina nzima alikuwa amenuna kidogo. Ukumbi wa kata pale Nyakato ulikuwa na ubao mmoja na madirisha yasiyo na vioo, na wanawake walikaa kwenye madawati ya kuazima shuleni, magoti yanakaribia kidevu. Wote kazi yao moja: kulea watoto wa watu majumbani mwao. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, akina mama wa Musoma walikuwa hawakai nyumbani. Alfajiri huyu anawahi kiwandani kukata minofu ya sangara, yule anawahi stendi kupokea marobota ya mitumba, na mtoto anaachwaga kwa jirani. Sasa wilaya ikasema hao majirani wasomeshwe, wapewe cheti, na asiye na cheti asikae na mtoto wa mtu.

Pelagia alikaa dawati la nyuma na jirani yake Mwamvita, mke wa fundi cherehani. Pelagia kwake alikuwa na watoto sita na cheti alikitaka kweli. Msumari wa kukitundika alishaupigilia ukutani, juu ya kabati la vyombo.

"Leo tunafanya kumbeba mtoto na kumtuliza," akasema Afisa Maendeleo. "Mtoto yuko wapi?"

Watu wakatazamana.

"Si mlituambia tusije nao?" akasema Mwamvita.

"Sasa mmewaacha na nani?"

"Na wasichana wetu."

Ilikuwa kweli. Wiki ile darasa la nne shule ya Nyakato lilikuwa na wavulana watupu, na mwalimu alikuwa anafundisha tu, hajauliza kitu. Hata Pelagia alimwacha Getruda wake na wale sita, akamwambia ni siku chache tu.

Afisa akashika meza kwa mikono miwili. Alikuwa ametoka Bunda na pikipiki usiku wa manane, ana homa, meno yanagongana. Jina lake Florian, jibaba la watu, shingo kama ya ng'ombe wa plau, na alikuwa mdogo wake Pelagia, tumbo moja. Ukumbi mzima walijua. Ila kwenye semina Pelagia alimwita Afisa, na yeye Florian alimwita dada yake Mshiriki.

"Hata mdoli hatuna," akasema Florian. "Bajeti imekata."

Pelagia akainuka, akafungua kanga ya pili kiunoni, akaenda mbele, akainama.

"Panda."

"Dada, niko kazini."

"Panda, bwana. Unatetemeka kama jani, na mtoto wa vitendo hatuna."

Florian akavua viatu, akavipanga chini ya meza, akapanda.

Hapa inabidi kueleza kidogo. Mtu yeyote ambaye Pelagia aliwahi kumbeba mgongoni, akipanda tena, uzito wake unakuwa ule ule wa siku ya kwanza. Ilikuwa hivyo tu, kama wengine wanavyokulaga kwa mkono wa kushoto. Mdogo wao mwingine, Mseti, kuli wa magunia ya pamba kule Butiama, alipovunjika mguu, Pelagia alimbeba mpaka zahanati huku anapatana bei ya vitunguu njiani. Watu waliomwona walilalamika tu kwamba miguu ya Mseti inaburuza inatimua vumbi.

Florian uzito wake ulikuwa kama kuku wawili wa kienyeji. Ndivyo alivyokuwa mwaka ule Pelagia yuko darasa la tatu, shule ya misheni Nyegina. Mama yao alikuwa analima mbali, Bugwema, na baba akasema: "Mtoto analia, nani atambeba?" Mwalimu alikuja kuuliza nyumbani. Baba akamkaribisha maziwa ya mgando, akamwambia, mwakani atarudi. Mwakani akazaliwa Mseti. Kabla ya hapo Pelagia alikuwa anaenda shule na Florian mgongoni, anasimama nje dirishani, anasikiliza mpaka mtoto alie, wanafukuzwa. Kwa njia hiyo Florian alijua jedwali la kuzidisha kwa tatu kabla hajaota meno. Alipofika umri akapelekwa shule, na huko hakutoka tena mpaka chuo.

Pelagia akafunga mbeleko, akapiga fundo kifuani, akaanza kutembea katikati ya madawati. Wanawake wakafungua madaftari.

"Akikohoa unampigapiga wapi?" akauliza mama mmoja wa kutoka Butiama.

"Hapa, chini ya bega. Taratibu."

"Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana," akasema Mwamvita.

"Na mwana mwenyewe ana ndevu!"

"Mtazameni, udenda huo. Afisa, tai inalowa!"

Wakacheka mpaka madawati yakalia. Florian hakusikia, alishalala. Homa ikatoka yote kwa jasho, ikaloanisha gauni la Pelagia, na Pelagia akawa anazunguka nalo hivyo hivyo, anaimba kwa pua. Alikuwa na raha. Chai ikaja, wakanywa, andazi la Afisa likafunikwa na sahani.

Alipoamka akashuka, akavaa viatu, akanyoosha tai, akala andazi lake. Halafu akasoma majina ya watakaopewa cheti. Mwamvita alikuwemo, na yule mama wa Butiama. Pelagia akasubiri mpaka mwisho.

"Afisa, langu halijasikika."

"Mshiriki, uliishia darasa la ngapi?"

"La tatu."

"Masharti ni la saba."

"Muulize kwa nini aliishia la tatu!" akasema Mwamvita.

"Nilikuwa nabeba mtoto," akasema Pelagia.

Florian akatazama karatasi yake. Shavuni bado alikuwa na alama ya mshono wa gauni la dada yake. "Hilo kwenye masharti halimo," akasema, tena kwa upole kabisa, na sauti yake bado ina usingizi.

Pelagia akatembea kurudi nyumbani. Getruda alikuwa uani anachambua mchele, kitoto kidogo kuliko vyote kiko mgongoni kwake.

"Mama, huyu wa ajabu. Tangu Jumatatu haongezeki uzito, hata akishiba, hata akilala."

Pelagia akaweka kipochi chini. Akafungua mbeleko ya binti yake, akakitoa kile kitoto, akakifunga kwake.

"Kesho shule," akasema.

"Na semina yako?"

"Imeisha."

Kwenye ule msumari akatundika chujio la uji. Lilikaa vizuri.

Jumatatu iliyofuata watoto wote sita walipelekwa kwa Mwamvita, maana ndivyo ilivyoagizwa. Jua halijapanda vizuri Mwamvita akaonekana njiani, amebeba wawili, wengine wanamfuata kama bata.

"Chukua, mwenzangu. Wamenipasua masikio. Cheti kitalala kwangu, hawa walale kwako."

"Afisa je?"

"Afisa mwenyewe si tumemwona anavyotoa udenda?"

Ikawa hivyo. Mama zao wakazoea, na jioni wakitoka kiwandani, wananuka sangara mpaka kwenye nywele, walipita moja kwa moja kwa Pelagia na mapanki ya kukaanga, yale mabaki ya sangara baada ya minofu. Yeye alipika uji, aliosha makalio, aliimba kwa pua. Maisha yalikuwa mazuri.

Siku moja Afisa akaja kukagua. Alikuwa ametoka ukumbini kwenye semina nyingine, huko chai ilichelewa tena. Akasimama uani, akawakuta watoto sita kwenye mkeka, wamejipaka uji mpaka masikioni.

"Hapa hakuna kituo," akasema, akaandika.

"Hakuna," akasema Pelagia. "Ruka hicho kibakuli, utakikanyaga."

Florian akakiruka. Akaweka kalamu mfukoni, akavua viatu, akavipanga kando ya jiko. Pelagia akainama bila kuacha mwiko, Florian akapanda, wakafunga. Watoto wakawapisha kidogo kwa sababu ya miguu.

Saa sita hivi Getruda akaingia na begi lake la mfuko wa unga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akajibu Florian, macho yamefumba. "Mbona mapema?"

"Tulikuwa tucheze netiboli. Mwalimu ametuhesabu, tuko wasichana wawili, akasema nendeni nyumbani."

"Wengine wako wapi?"

"Wanabeba watoto. Mama zao wako kwenye semina yako."

Florian usingizi ulishamchukua. Pelagia akamsogeza juu kidogo, maana hakuwa mzito hata kidogo, akaendelea kukoroga uji.