Haja Kubwa

Kiti cha treni kilininasa. Nilipojiinua kidogo, sketi ilibanduka polepole kama plasta kwenye kidonda, nikajua nimekalia kitu kilichotoka mdomoni mwa mtu. Sikutazama. Mbele yangu kijana alikuwa amevua viatu, soksi zimelowa jasho mpaka zimebadilika rangi vidoleni, na miguu ameipandisha kwenye kiti cha pili kana kwamba yuko kwao. Kwenye kioo cha dirisha kulikuwa na duara la mafuta ya nywele, pale watu wanapolaza vichwa, na mjukuu wangu wa kike alikuwa ameligandishia pua.

"Toa uso hapo, mke mwenza," nilimwambia. "Hayo ni mafuta ya vichwa vya watu."

"Yamekauka, Bibi."

"Ndiyo mabaya zaidi."

Safari yenyewe niliitaka mimi. Naishi ugenini kwa binti yangu, niliitwa kuja kulea, na wajukuu hawa wawili nimewabeba tangu wakiwa wa nepi. Sasa mkwe wangu alikuwa amepata mlezi wa kulipwa, mwanamke mwenye bustani, anayewatoa watoto nje kila siku. Mkwe alisema mimi siwatoi, tunashinda ghorofani kama vyombo kabatini. Nikasema basi nitawatoa.

"Sawa, Mama," akasema. "Jumamosi nenda nao ziwani kwa treni, peke yako. Mkienda mkarudi vizuri, habari ya mlezi imeisha. Mkipotea, kaeni palepale unipigie simu nije, na Jumatatu wanaanza kwake."

Hakusema kwa ubaya. Lakini nilielewa. Watoto wakienda kwa mlezi, mimi sina kazi tena katika nyumba ile, na mama mkwe asiye na kazi hukatiwa tiketi ya kurudi kwao.

Kituo cha ziwa ni kile kinachofuata baada ya daraja refu. Mjukuu wa kike, mwenye miaka saba na mdomo wa sabini, ndiye aliyekuwa msomaji wetu wa vibao. Daraja lilikuwa limeanza kuonekana pale mdogo wake wa miaka minne, ambaye namwita mume wangu, aliponivuta mkono.

"Bibi, nina haja kubwa."

"Sasa hivi?"

"Kubwa sana."

Mtu aliyelea haulizi mara mbili. Nikamkwapua, dada yake nikamshika kwa mkono mwingine, tukayumba mpaka mwisho wa behewa.

Nilipofungua mlango wa choo, harufu ilitutangulia kutoka, kama mwenye nyumba anayekuja kupokea wageni. Sakafuni kulikuwa na maji, na hayakuwa maji. Karatasi zilikuwa zimevimba zikagandana pembeni. Ndani, mtu alikuwa ameacha kazi yake yote, na aliyemfuata akaongezea ya kwake, na kitufe cha kumwagia maji kilikuwa kimepakwa kitu cha kahawia. Nikajifunga mtandio puani. Mjukuu wa kike nikamwambia asiguse ukuta, asiguse mlango, ikiwezekana asiguse hata nguo yake mwenyewe. Kisha nikamvua mume wangu suruali, nikamninginiza kwa makwapa juu ya uchafu ule.

"Haya, sukuma."

"Nisukume nini?"

"Wewe sukuma tu, baba."

"Bibi, kunanuka. Sitaki."

"Hata mimi sitaki. Sukuma."

Akapandisha magoti mpaka kidevuni, akaanza kulia. Treni ikakata kona, vya ndani vikacheza, na tone moja likaruka likanitua mgongoni mwa kiganja. Lilikuwa la baridi.

"Si umesema una haja kubwa?"

"Ndiyo. Haja kubwa ya kukaa dirishani."

Dada yake alicheka mpaka akasahau na kuegemea ukuta. "Bibi, anaongea kama Baba."

Kweli kabisa. Mkwe wangu ni mtu wa ofisi hata akiwa jikoni. Hasemi anataka chai, ana haja ya chai. Ana haja ya utulivu, ana haja kubwa ya kupumzika. Sisi tulishazoea, hatucheki tena. Na mtoto huyu chooni nyumbani hujiendea mwenyewe bila kutangaza, ningejuaje?

Tulipotoka, ziwa lilikuwa linarudi nyuma dirishani.

"Kile kilikuwa kituo chetu," akasema msomaji wa vibao.

Tukashuka kilichofuata. Hapakuwa na kitu ila mapipa ya taka yaliyofurika, na njiwa akidonoa matapishi ya mtu kwa utulivu, kama mtu aliyeketi hotelini. Nikatoa simu. Nikaiangalia. Nikairudisha mkobani.

"Baba alisema tukipotea tukae tumpigie," akasema mke mwenza.

"Hatujapotea. Tumepitiliza."

"Tofauti yake nini?"

"Aliyepotea hajui alikotoka. Sisi tumetoka chooni."

Tukapita chini ya reli, kwenye njia inayonuka mikojo ya miaka, nikiwa nimewashika mikono na kuwakataza kupumua. Upande wa pili tukapanda treni ya kurudi, tukafika ziwani. Maji yalikuwa ya kijani, na utando kama wa maziwa yaliyolala. Mabata yalikuwa yamechafua kila mahali pa kukanyaga. Watoto walifurahi kupita kiasi. Mume wangu alilamba chuma cha uzio kabla sijamwahi.

Wakati wa kurudi nilimpa kiti cha dirishani. Alikaa kimya. Akazidi kukaa kimya. Halafu ikaja harufu.

"Nimejinyea," akasema kwa sauti ndogo.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungenipeleka kule."

Mwanamke wa kiti cha jirani alipandisha kola ya koti mpaka puani, akahamia behewa jingine. Nilitaka kumwambia kwamba viti vyao vilinuka kabla yetu. Lakini safari hii kweli tulikuwa sisi, na haja yenyewe ilikuwa inapita kwenye suruali yake inakuja kwenye paja langu, ya moto.

Mkwe wangu alifungua mlango, akarudi hatua nyuma. Mke mwenza akamsimulia yote, hakubakiza hata njiwa.

"Kwa hiyo mlipotea, Mama."

"Tulipitiliza kituo. Tukarudi wenyewe."

"Tulikubaliana upige simu."

Nikamwingiza mtoto bafuni, nikamsimamisha kwenye beseni, nikaanza kusugua suruali. Mkwe akasimama mlangoni ameziba pua, binti yangu nyuma yake.

"Basi Jumatatu..." akaanza mkwe.

"Jumatatu nini?" akasema binti yangu. "Yule mlezi si alikuambia hachukui mtoto anayejinyea?"

"Huyu hajinyei."

"Na hicho Mama anachosugua ni nini? Uji?"

Mkwe akatazama beseni, akageuza uso haraka. Mume wangu akafumbua mdomo aeleze kwamba alijizuia kwa kuogopa choo cha treni tu. Nikammwagia maji kichwani, yakamkatisha, nikaendelea kusugua.