Kaseti ya Mzee Gatera

Mukashema hakumwamini mtu, na mwaka ule wa 1993, Kigali ile, nani angemlaumu? Ila hapa alizidisha. Aliyewindwa naye kwa jicho kali kuliko wote ni Twahiru, mwenzake wa miaka sita katika studio yao ya video za harusi pale Biryogo, mtu asiyejua hata kudanganya bei.

Kisa kilikuwa filamu yao. Kwa miezi minane waliwarekodi wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha sabuni, kwa fedha zao wenyewe. Humo mzee Gatera alinyoosha mikono iliyoliwa na dawa za kiwandani, akaeleza yote. Wiki tatu baadaye akafariki. Televisheni ikaitaka filamu, lakini bila Gatera, maana mwenye sabuni ndiye aliyelipia kipindi.

"Sikati hata kidole chake!" Mukashema alifoka.

Twahiru akamjia taratibu. "Dada, nipe kaseti nitoe kopi. Iko moja tu."

Ahaa! Kopi ya nini? Ya kumuuzia nani? Na juzi si alionekana akicheka na dereva wa kiwanda? Mukashema akaifungia kaseti kabatini, ufunguo akautia kifuani.

Kisha Jean-Berchmans wa televisheni akapiga simu, sauti tamu: wakubwa wamelegeza msimamo, wanataka kuitazama nzima. Mukashema akajiona mjanja. Akavunja kile kipande cha plastiki ubavuni mwa kaseti, kama afanyavyo kwa kila harusi, ili mtu asirekodi juu yake. Akaipeleka mwenyewe, akadai risiti yenye muhuri, akapewa. Muhuri ukamtuliza roho, masikini!

Siku ya nne akarudishiwa. "Bon, vyema, tumeitazama," alisema Jean-Berchmans, macho dirishani.

Studioni akaigeuza. Pale alipovunja palikuwa pamezibwa kwa selotepu. Ujanja huo wa kuifanya kaseti ikubali kurekodiwa tena yeye mwenyewe huufanya kila kaseti zinapoadimika, na siku ile haukumjia akilini kabisa.

Akaitia mashineni. Gatera akaanza kuinua mikono yake, mara povu likatanda, msichana anaoga, anaisifu sabuni. Dakika kumi na moja, tangazo lilelile likijirudia, mpaka maneno ya mzee yakaisha yote.

"Twahiru!" aliita, na machozi yalikuwa yameshamshinda. "Niambie uliniibia ufunguo. Niambie ulitoa kopi nikiwa sipo. Tafadhali, ndugu yangu, niambie uliniibia."

Twahiru akafungua mtoto wa meza, akatoa kaseti mpya, bado imo ndani ya nailoni yake.

"Ulinikataza, dada," alisema.